Kugeuza faili za sauti na video bila kununua programu: ninavyofanya dukani kwangu Ngamiani

Kabla ya kugeuza faili yoyote, hakikisha kwanza kwamba kweli inahitaji kugeuzwa. Kazi yangu hapa Ngamiani, Tanga, ni kunakili na kuhamisha video za harusi, maulidi, kwaya na mahafali, na ombi ninalolisikia kuliko yote ni "dada, nigeuzie hii iwe MP4". Nikiifungua faili nakuta ni MP4 tayari. Runinga imeikataa, sawa, lakini sababu si hayo maandishi ya mwisho wa jina.

MP4, MKV na AVI ni magunia tu. Gunia ni lile lile, humu mna mchele, humo mna kunde, na mpishi anachotaka kujua ni kilichomo. Ndani ya faili ya video mna picha iliyobanwa kwa njia moja na sauti iliyobanwa kwa njia nyingine, na njia hizo za kubana ndizo zinazoitwa kodeki. Picha nyingi zimebanwa kwa H.264, kodeki ya mwaka 2003, ambayo karibu kila runinga yenye tundu la flashi inaielewa. Nyingine ni H.265, au HEVC, ya mwaka 2013. Hiyo inabana zaidi na faili inakuwa ndogo, ila runinga za zamani haziijui. Simu za iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC na iOS 11, mwaka 2017, ndiyo maana video iliyopigwa na mgeni mwenye iPhone ikifika sebuleni hutoa sauti bila picha, au haifunguki kabisa. Kwa upande wa sauti, AAC na MP3 hazina shida popote. Inayosumbua ni DTS: picha inakwenda vizuri, lakini sauti husikii.

Kwa hiyo, kubadilisha jina kutoka .mkv kuwa .mp4 hakugeuzi kitu. Na kama tatizo ni sauti peke yake, huna sababu ya kuigusa picha.

Kujua kilichomo ni kazi ya nusu dakika. Fungua faili kwa VLC, kisha bonyeza Ctrl na J. Litatokea dirisha lenye orodha: mkondo wa picha, kodeki yake na ukubwa wake kwa pikseli, halafu mkondo wa sauti na kodeki yake. Mimi huandika haya kwenye daftari kabla ya kumtajia mteja bei.

Programu zenyewe

Unahitaji tatu, zote za bure na zote za kukaa ndani ya kompyuta. VLC ilitokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale ya Paris na ikatolewa kwa leseni huria mwaka 2001. HandBrake ilianzishwa na Eric Petit mwaka 2003. FFmpeg ilianzishwa na Fabrice Bellard, Mfaransa, mwaka 2000. Hiyo ya mwisho haina madirisha wala vitufe, unaiandikia amri, lakini ndiyo ninayoitegemea kuliko zote, na programu nyingi za kulipia zinatumia kazi yake kimyakimya. Hakuna hata moja kati ya hizi itakayokupigia muhuri katikati ya picha au kukukatia video katika dakika ya tatu ili ulipe.

Pakua kwenye tovuti zao wenyewe tu: videolan.org, handbrake.fr na ffmpeg.org. Ukiandika "programu ya kugeuza video bure" kwenye intaneti, vinavyotangulia kutokea mara nyingi ni matangazo na tovuti za kuazima jina. Hata kwenye tovuti halisi, macho yawe wazi: mwezi Mei 2017, moja ya seva za kupakulia HandBrake ilivamiwa, na kwa siku chache waliopakua toleo la Mac kutoka seva hiyo walipewa faili yenye programu ya wizi ndani yake. Wenyewe HandBrake walitangaza jambo hilo na kueleza namna ya kuikagua faili. Nawaamini zaidi kwa sababu hiyo.

FFmpeg kwenye Windows naisakinisha kwa kufungua cmd, lile dirisha jeusi la Windows la kuandikia amri, na kuandika:

winget install Gyan.FFmpeg

Ukimaliza, funga dirisha hilo na ufungue jipya, la sivyo kompyuta itadai haiijui. Kwenye Ubuntu ni sudo apt install ffmpeg.

Utauliza mbona nisitumie zile tovuti za kugeuza faili papo hapo. Kwanza ni bando: video ya MB 700 unaipandisha yote, kisha unaishusha tena. La pili ndilo kubwa kwangu. Akina mama huniletea mimi video zao za singo na za sherehe za wanawake peke yao kwa sababu mimi ni mwanamke na wanajua hazitoki mle dukani. Humo watu wamevua mitandio, wanacheza kwa raha zao. Kuzikabidhi kwa mtu usiyemjua, kwenye seva usiyojua iko nchi gani, ni kuwavunjia heshima, na ningeomba kila anayefanya kazi hii alione hivyo.

Picha ipo, sauti hakuna

Tuanze na kazi fupi kuliko zote. VLC imekuonyesha kwamba picha ni H.264 na sauti ni DTS. Acha picha ilivyo, geuza sauti tu:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k filamu.mp4

Neno copy linaiambia FFmpeg ihamishe picha bila kuibana upya. Faili ya saa mbili inakwisha kwa dakika chache hata kwenye kompyuta dhaifu, na picha haipotezi chochote. Kama sauti nayo ni nzuri na runinga inakataa MKV tu, andika -c copy na uache mengine. Hapo unabadilisha gunia peke yake.

Kuna njia rahisi ya kufungua cmd mahali sahihi: ingia kwenye folda yenye faili zako, bofya pale juu panapoandikwa anwani ya folda, futa, andika cmd, bonyeza Enter. Dirisha linafunguka likiwa tayari ndani ya folda hiyo.

Harusi za kwenye VCD na DVD

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Harusi nyingi za pwani za miaka ya 2000 zimelala kwenye VCD, za baadaye kwenye DVD, na deki za kuzichezea zinakufa moja moja. Diski nazo zinachakaa. Kama una diski ya mama, ya dada au ya marehemu yeyote, ifanyie kazi mwaka huu.

Jambo la kwanza ni kuinakili diski yote kwenye kompyuta kabla ya kugeuza. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Diski yenye mikwaruzo inaweza kusomeka leo na kugoma kesho, na kugeuza moja kwa moja kutoka kwenye deki ya kompyuta ni kuisomesha kwa muda mrefu bila sababu.

VCD ukiifungua utaona folda inayoitwa MPEGAV, ndani yake mara nyingi kuna faili AVSEQ01.DAT. Hiyo DAT ndiyo video yenyewe, imebanwa kwa MPEG-1, pikseli 352 kwa 288. Ni ndogo, na hakuna programu itakayoiongezea kisichokuwemo, kwa hiyo usiikuze. Inakili, kisha:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 160k harusi-1.mp4

Ile 18 ni kipimo cha ubora. Namba ikishuka, picha inakuwa bora na faili inanenepa. Ikipanda, kinyume chake. Kwa picha ndogo na chakavu kama za VCD sipandi juu ya 18, kwa kuwa kilichobaki ni kidogo na nataka kibaki chote.

DVD ni ya HandBrake. Ndani ya diski kuna folda VIDEO_TS yenye faili za VOB. Usizigeuze moja moja. DVD hukata video kila inapokaribia GB 1, kwa hiyo VTS_01_1.VOB na VTS_01_2.VOB ni harusi moja iliyokatwa popote pale, pengine katikati ya neno la shehe. Kwenye HandBrake bofya "Open Source", chagua folda nzima ya VIDEO_TS, ngoja imalize kusoma. Kwenye "Title" itaorodhesha vipande na urefu wake. Kirefu kuliko vyote ndicho harusi, vile vya sekunde chache ni vya menyu.

Kisha chagua "Preset", yaani mpangilio ulioandaliwa tayari, inayoitwa "Fast 576p25". Watu hupenda kuchagua 1080 kwa kudhani picha itang'aa. Diski zetu ni za PAL, mfumo wa runinga wa huku kwetu, mistari 576, picha 25 kwa sekunde, na huo ndio ukubwa wake wa kweli. Ukilazimisha 1080 unapata faili kubwa yenye picha ile ile. Kwenye kichupo cha "Video", sogeza "Constant Quality" hadi RF 19. RF ni kipimo cha ubora kama ile 18 ya VCD, ikishuka picha inakuwa bora. HandBrake wenyewe hupendekeza 18 hadi 22 kwa picha za ukubwa huu. Kwenye "Filters" acha kichujio cha Decomb kilichokuja na Preset. Kamera za zamani zilipiga picha kwa nusu mbili zinazopishana, na bila kichujio hicho, kila bibi harusi anapogeuka utaona mistari myembamba ya kulala ikikatakata ukingo wa shela.

Usibonyeze "Start" bado. Fungua "Preview" na ugeuze kipande kifupi cha majaribio, na usichague pale watu wamekaa wametulia. Chagua wanapocheza na kutunza. Nguo za kumetameta, maua yanayomwagwa, noti zinazopeperuka na ukumbi wenye taa hafifu ndivyo vinavyoishinda kodeki. Tazama kivuli nyuma ya watu: kikijaa viboksi, shusha RF iwe 18 ujaribu tena. Kisipojaa, endelea. DVD iliyojaa, GB 4 na kitu, mara nyingi inashuka chini ya GB 2 bila mwenyewe kuona tofauti.

Harusi ikiwa na diski tatu, fungua kila folda, bofya "Add to Queue", na ukimaliza zote anzisha foleni uende kulala. Kompyuta iwe juu ya meza, si juu ya kitanda, maana feni inahitaji hewa. Kama kompyuta yako ina kadi ya NVIDIA au prosesa ya Intel, utaona pia kodeki zenye maandishi NVENC au QSV. Hizo zinakwenda kasi sana, ila kwa ubora ule ule faili inakuwa kubwa zaidi. Nazitumia kwa video ya mkutano, kwa harusi situmii.

Umeme ukikatika

MP4 ina tabia moja ambayo kila mtu wa kwetu anapaswa kuijua. Faharasa yake, ile sehemu inayoiambia runinga kila picha iko wapi, kwa kawaida huandikwa mwishoni kabisa. Umeme ukikatika kabla ya mwisho, unabaki na faili ya GB kadhaa isiyofunguka popote. MKV huandika mambo yake kadiri inavyokwenda, kwa hiyo kilichokwisha kuandikwa kinachezeka.

Unapogeuza kwa HandBrake hasara ni ya muda tu, utaanza upya kwa kuwa diski bado unayo. Unaporekodi moja kwa moja ndiyo balaa, kwa sababu maulidi hayasomwi mara ya pili. Ukitumia OBS Studio, ambayo nayo ni ya bure, kurekodia shughuli, weka fomati ya kurekodia iwe MKV. Shughuli ikiisha, ipeleke kwenye MP4 kwa amri ile ile fupi:

ffmpeg -i maulidi.mkv -c copy -movflags +faststart maulidi.mp4

Kile kipande cha faststart huihamishia faharasa mwanzoni, na video huanza kucheza upesi mtu anapoifungua kupitia intaneti.

Sauti za WhatsApp kwenye redio ya flashi

Ustadhi mmoja wa madrasa alikuja na flashi na redio yake ndogo, ile ya kubebea mkononi. "Binti yangu, darasa zangu zote zimo humu, kwenye simu nazisikia. Redio inaniambia hakuna faili." Nikamwamkia, nikaifungua flashi, na ndani mlikuwa na safu ya majina kama PTT-20230412-WA0007.opus.

Opus ni kodeki nzuri sana ya sauti, kiwango cha mwaka 2012, na WhatsApp huitumia kwa ujumbe wa sauti. Redio hizi hazijawahi kuisikia. Zinajua MP3, pengine na WAV. Kwenye simu za Android jumbe hizo hukaa kwenye Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media, folda ya WhatsApp Voice Notes, zimegawanywa kwa wiki. Zikusanye kwenye folda moja ya kompyuta, fungua cmd humo, uandike:

for %f in (*.opus) do ffmpeg -i "%f" -ac 1 -ar 44100 -b:a 64k "%~nf.mp3"

Mstari huo mmoja unageuza folda nzima. Hiyo -ac 1 inamaanisha njia moja ya sauti, maana mtu mmoja anaongea na hakuna haja ya kushoto na kulia. 44100 ni kipimo kinachokubalika na karibu kila redio. 64k inatosha kabisa kwa maneno: saa moja inachukua karibu MB 29, na flashi ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 250 za darasa. Kwa kaswida na taarabu panda hadi 192k na uondoe -ac 1. Amri hii ni ya cmd, kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, haikubali. Na ukiihifadhi kwenye faili ya .bat, yaani faili ya amri unayoibofya tu, kila % iandike mara mbili.

Kama sauti nyingine zinanong'ona na nyingine zinapasua spika, ongeza -af loudnorm kabla ya -b:a. Kichujio hicho husawazisha, na kwa mzee anayesikiliza usiku bila kushika kitufe kila dakika ni msaada mkubwa.

Mpangilio nao una mambo yake. Redio nyingi za bei nafuu hazifuati majina ya faili, zinafuata mpangilio ulionakili kwenye flashi. Kwa darasa za tafsiri, somo la tano likitangulia la kwanza, msikilizaji anachanganyikiwa. Futa flashi kwanza, kisha nakili faili kwa zamu yake kuanzia ya kwanza. Ustadhi alisimama pale pale dukani, akasikiliza mwanzo wa kila darasa kwa mpangilio wake, ndipo akaaga.

Asiyetaka kuandika amri atumie VLC: Ctrl na R, "Add" kuongeza faili, kisha "Convert / Save", chagua "Audio - MP3" kwenye "Profile", ipe jina lenye .mp3 mwishoni, "Start". Kwa sauti inafanya vizuri. Video siigeuzi kwa VLC, HandBrake inaishinda mbali.

Na kama unachotaka ni kaswida kutoka kwenye video, chukua sauti ilivyo:

ffmpeg -i kaswida.mp4 -vn -c:a copy kaswida.m4a

Kama redio haiwezi m4a ndipo utoe MP3, na uitoe kwenye video ya asili. Kila ukibana upya kitu kilichobanwa, kuna kinachopotea na hakirudi. MP3 ya 64k ukiigeuza kuwa 320k unapata faili kubwa mara tano yenye sauti ile ile mbovu. Ukipewa wimbo uliopita mikononi mwa watu kwenye simu, mtafute aliyeurekodi umwombe faili ya kwanza.

Flashi inayokataa faili kubwa

"Flashi ina nafasi GB 20 lakini inasema faili ni kubwa mno." Flashi imefomatiwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga faili, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Ukiifomati kwa exFAT itapokea, ila runinga na redio za zamani nyingi hazisomi exFAT. Suluhisho langu ni kuipitisha video HandBrake ishuke chini ya GB 4, au kuikata vipande viwili bila kuibana upya:

ffmpeg -i harusi.mp4 -to 01:10:00 -c copy harusi-a.mp4
ffmpeg -ss 01:10:00 -i harusi.mp4 -c copy harusi-b.mp4

Mkato unaweza kusogea sekunde chache, kwa sababu ukitumia copy FFmpeg inafuata mahali penye picha kamili. Kwa hiyo kata kwenye mapumziko, usikate katikati ya nikaha.

Kabla hujamrudishia mtu kazi yake, cheza mwanzo, katikati na dakika za mwisho, na uangalie kama midomo inakwenda na maneno. Chezea kwenye kifaa atakachotumia yeye, si kwenye kompyuta yako pekee, maana VLC hufungua karibu kila kitu na itakudanganya kwamba mambo ni shwari. Faili uliyonakili kutoka kwenye diski usiifute hata kama MP4 imetoka safi. Iweke kwenye diski ya nje, folda iwe na jina linaloanza na mwaka, kama 2006-harusi-chumbageni, bila nafasi kati ya maneno wala alama za ajabu, na diski yenyewe ya DVD mrudishie mwenyewe ikiwa kwenye kasha lake.